Kesi Aliyoshinda Kobe

Nina neno.
*Lilete.*
Ni zito.
*Tutalipokea wengi.*
Ni chungu.
*Tutalimeza hivyo hivyo.*

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na mahakama na watu bado hawajaiga, palikuwa na nchi ya majani marefu. Tembo akipita humo, uliona mgongo tu. Ilikuwa nchi njema miezi yote isipokuwa mmoja. Kiangazi kikikomaa, wachungaji walikuja na vijinga vya moto, wakachoma nyika yote ili mvua ya kwanza iwaoteshee ng'ombe wao majani machanga. Mwenye mbio alikimbia. Mwenye mabawa aliruka. Mwenye shimo aliingia shimoni.

Kobe hakuwa na mbio, hakuwa na mabawa, hakuwa na shimo. Miaka ya nyuma alijikunja ndani ya gamba lake, moto ukampita juu, akatoka na makovu. Lakini mwaka huo alikuwa na watoto watatu, na gamba la mtoto wa kobe ni laini kama ganda la muhogo uliochemshwa. Kobe akawatazama watoto, akayatazama majani yanavyogeuka rangi, akajua kwamba gamba lake mwenyewe halitoshi wanne.

Akamwendea Muhanga.

Muhanga mnamjua. Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Mchana hulala, usiku huchimba, na chakula chake ni mchwa. Mwaka huo vumbi lilikuwa limemziba pua, hanusi kitu. Alichimba hapa akakosa, akachimba pale akakosa. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali.

Kobe akamweleza kwamba yeye hupita chini chini, macho karibu na ardhi, na anakijua kila kichuguu chenye udongo mbichi. Atamwonyesha vichuguu saba vyenye mchwa. Naye Muhanga atamchimbia shimo moja, lenye nafasi ya mama na watoto watatu, kabla ya moto.

"Mama watoto," Muhanga akasema, "kwa vichuguu saba nitakuchimbia hata nyumba ya vyumba vinne na baraza."

Kobe akasema chumba kimoja kinatosha.

Wakaenda kwa Mnana. Katika nchi hiyo mkataba haukuandikwa, ulifungwa. Mnana, yule ndege anayesuka viota, ndiye aliyekuwa fundi wa mikataba. Alichukua kamba mbili za ukindu, akafunga mafundo sawa katika kila moja, fundo moja kwa siku moja. Kila mmoja alikwenda na kamba yake. Kila asubuhi alifungua fundo moja. Fundo la mwisho likifunguka, ahadi imeiva, na aliyeahidi hana pa kujificha. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na watoto walifundishwa kabla hawajafundishwa kutembea.

Mnana alifunga mafundo ishirini huku na mafundo ishirini huku. Alikuwa na maneno mengi, hata mdomo ukiwa umejaa ukindu. Alisema mkataba huu utadumu, kwa sababu mmoja yuko macho mchana na mwingine usiku, kwa hiyo hawatapata nafasi ya kugombana. Wote wakacheka. Kobe pia alicheka.

Kobe akaanza kazi siku hiyo hiyo. Akaonyesha kichuguu cha kwanza, Muhanga akala. Akaonyesha cha pili, Muhanga akala. Akaonyesha cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, cha saba. Muhanga akala, akalamba, akateuka. Mbavu zikafunikwa. Mashavu yakarudi.

Na kila asubuhi Kobe alifungua fundo lake. Msidhani ni kazi nyepesi. Kobe hana vidole. Aliikanyaga ncha ya kamba kwa mguu, akalivuta fundo kwa mdomo mpaka taya likauma, na mara nyingine jua lilimkuta utosini bado anavuta. Watoto walikaa mbele yake wakihesabu naye. Hakuna siku aliyoruka. Hakuna siku aliyofungua mawili.

Fundo la tano lilipofunguka, alikwenda kwa Muhanga akaimba mlangoni:

*Muhanga, Muhanga wa kucha kali,*
*vichuguu saba, saba umekula,*
*shimo langu, bwana, liko wapi?*

Muhanga akajibu kutoka ndani kwamba ardhi bado ngumu, asubiri umande.

Fundo la kumi lilipofunguka, alikwenda akaimba:

*Muhanga, Muhanga wa kucha kali,*
*vichuguu saba, saba umekula,*
*shimo langu, bwana, liko wapi?*

Muhanga akajibu kwamba kucha zinamuuma, asubiri zipoe.

Fundo la kumi na tano lilipofunguka, alikwenda akaimba tena, wimbo ule ule. Safari hii Muhanga alitoka nje, amejaa vumbi mpaka kope. Akampeleka kando ya mwinuko, akamwonyesha shimo. Lilikuwa shimo zuri. Mlango ulitazama upande usio na upepo, na ndani palipinda ili moshi usifike. Muhanga akasema bado amalizie sakafu tu. Kobe akarudi nyumbani, akawaambia watoto, nao wakaanza kugombania nani atalala ukutani.

Sasa sikilizeni. Siku ya kumi na tisa Ngiri alipita pale. Akaliona shimo, akauliza ni la nani. Muhanga akasema ni la Kobe. Ngiri akasema kobe ana nyumba mgongoni tangu azaliwe, ya pili ya nini? Akasema kama shimo lingekuwa lake yeye, fisi wasingemsumbua Muhanga tena, kwa sababu wangekutana na pembe kwanza.

Muhanga akakuna sikio. Akasema kuna mkataba, na Kobe atakasirika.

"Akikasirika atakufanya nini?" Ngiri akauliza. "Atakukimbiza?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume, kama wanavyoingia ngiri mpaka leo, makalio ndani, pembe nje.

Asubuhi ya fundo la ishirini Kobe alilifungua, akainua kamba iliyonyooka, watoto wakapiga vigelegele. Wakafunga safari, mama mbele, watatu nyuma. Walipofika mlangoni, walikuta pembe mbili na macho mawili.

Kobe hakugombana. Alimwambia Ngiri kwa adabu kwamba huenda amekosea njia. Ngiri akamwambia aende kwa aliyemwahidi. Kobe akaenda kwa Muhanga, akaimba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Muhanga akakoroma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kukoroma kwenyewe kulikuwa kwa mtu aliye macho.

Kobe akashitaki.

Hakimu wa nchi hiyo alikuwa Kongoti. Ndege mrefu, kichwa cha upara, mabawa meusi yameshuka mgongoni kama joho. Alitembea polepole na mikono nyuma, ingawa hana mikono. Kila aliyemwona alisema huyu kazaliwa hakimu. Mahakama ilikaa asubuhi, penye bwawa lililokauka.

Mara ya kwanza Kobe alitembea siku mbili kufika. Kongoti akamsikiliza mpaka mwisho, akafumba jicho moja, akauliza mdaiwa yuko wapi. Wakamwambia amelala. Kongoti akasema mdaiwa ni mnyama wa usiku na mahakama ni ya mchana. Mdaiwa haamshwi, na kesi haisikilizwi upande mmoja. Akamwambia Kobe arudi siku ya nne.

Kobe hakurudi nyumbani, kwa sababu angefika nyumbani siku ambayo angetakiwa kuondoka. Alilala pale pale bwawani na watoto wake, wakala matope yaliyokauka yenye mizizi ndani.

Mara ya pili Muhanga alikuja, akipiga miayo. Mnana aliitwa kama shahidi. Ngiri alikuja kutazama. Kobe akaeleza yote tangu mwanzo: vichuguu saba, shimo moja, mafundo ishirini.

"Mkataba uko wapi?" Kongoti akauliza.

Kobe akaweka kamba yake mbele ya hakimu. Kongoti akaipindua kwa mdomo upande huu, akaipindua upande huu.

"Hii ni kamba," akasema. "Nimeuliza mkataba."

Kobe akasema ndiyo mkataba wenyewe, amefungua fundo moja kila asubuhi kama walivyofundishwa wote, mpaka la mwisho.

Kongoti akamgeukia Muhanga. Muhanga akatoa kamba yake nyuma ya sikio. Wenzangu, Muhanga hakuwahi kufungua hata fundo moja. Tangu siku waliyotoka kwa Mnana aliitia nyuma ya sikio akaisahau. Ilikuwa nzima, mafundo yote ishirini yamekaza, mazuri, kama yaliyofungwa jana. Mahakama nzima ikainuka kutazama. Kongoti aliyahesabu moja moja, na kila alipohesabu moja alitikisa kichwa kama mtu anayesoma maneno ya busara.

"Huu ndio mkataba," akasema. "Una siku ishirini zilizobaki."

Kobe akasema siku ishirini zimepita, kila mtu hapa amezilala na kuamka. Akamwomba Mnana aseme. Mnana, aliyekuwa na maneno mengi siku zote, siku hiyo akawa nayo machache. Alisema yeye hufunga, kufungua si kazi yake. Akatazama pembe za Ngiri, akaongeza kwamba ana viota vya kumaliza.

"Mahakama huhesabu mafundo," Kongoti akasema. "Haihesabu siku. Siku hazishikiki."

"Mheshimiwa," Kobe akasema, "mimi nimehesabu na mwenzangu hakuhesabu. Kosa langu ni lipi?"

"Kosa lako ni kuja na kamba tupu."

"Na moto?"

"Moto si mdaiwa katika kesi hii."

Akaamua hivi: Muhanga aanze kufungua mafundo siku hiyo, moja kila asubuhi, na la ishirini likifunguka warudi wote mbele yake. Mpaka hapo, shimo libaki kama lilivyo na aliyemo abaki humo. Muhanga akafungua fundo la kwanza pale pale mbele ya watu, kwa ukucha mmoja, mara moja tu. Watu wakamsifu kwa utii.

Kobe akarudi na watoto wake. Njiani majani yalikuwa yakivunjika chini ya miguu yao. Alipofika kando ya mwinuko akasimama mbele ya shimo, akamwambia Ngiri kwamba hadai tena. Anaomba. Yeye atabaki nje, wao watatu waingie kando ya ukuta, hawali nafasi kubwa.

Ngiri alionekana kuhurumia kweli.

"Mama watoto, mimi ningewapisha," akasema. "Lakini shimo lina kesi. Kitu chenye kesi hakiguswi. Tutaonekana tumeidharau mahakama."

Kobe akaanza kuchimba mwenyewe. Ardhi ya kiangazi ni kama chungu kilichochomwa. Siku ya kwanza alikwaruza. Siku ya pili alikwaruza. Siku ya tatu damu ilitoka kwenye kucha, na shimo lilikuwa na kina cha sufuria ndogo. Watoto nao walikwaruza, kila mmoja na upande wake. Mdogo alikuwa anauliza kila mara, "Sasa tunaenea?" Mama anajibu bado.

Siku ambayo Muhanga alifungua fundo la tisa, wachungaji walikuja.

Moshi ulionekana kwanza. Swala wakapita, nyumbu wakapita, sungura wakapita. Mbele ya moto, kwa mwendo wake ule wa heshima, alitembea Kongoti. Kila mwaka ndivyo anavyofanya, na wazazi wake walifanya hivyo. Panzi wanakimbia moto, panya wanakimbia moto, vifaranga vinaanguka kwenye viota, naye anaokota. Hakuna mwezi anaoshiba kama huo.

Kobe akamwita. Akamwomba awanyanyue watoto wake kwa mdomo awavushe mpaka kwenye mchanga wa bwawa, watatu tu, ni wepesi.

Kongoti akamtazama kwa jicho moja, akameza alichokuwa nacho.

"Leo mahakama haikukaa," akasema, akapita.

Kobe akawaweka watoto wake katika kile kishimo, akalala juu yao, akajikunja. Moto ukaja, ukakaa, ukapita. Ulikuwa na haraka kama kila mwaka. Kobe akatoa kichwa. Nyika ilikuwa nyeusi mpaka kwenye vilima. Akasogea pembeni, akawaita wa kwanza, akawaita wa pili, akawaita wa tatu. Moto haukuwagusa. Lilikuwa joto tu.

Sitasema zaidi hapo.

Fundo la ishirini la Muhanga lilipofunguka, mahakama ilikaa. Kongoti alikuwa amenenepa. Alisimama mbele ya watu, akaichukua kamba ya Muhanga, akaipindua upande huu, akaipindua upande huu, akaona haina fundo. Akatangaza kwamba sasa ahadi imeiva na mkataba umethibitika. Akasema Muhanga alipokea vichuguu saba na hakutoa alichoahidi, na huko ni kuvunja mkataba, na nchi hii haivumilii wavunja mikataba. Ngiri abaki alipo, kwa kuwa amekwisha kuzoea. Lakini Muhanga amchimbie Kobe shimo jipya, leo hii, mchana, hata kama ana usingizi, kwa vipimo vile vile vilivyokubaliwa.

Watu wakashangilia. Walisema ama kweli haki ipo. Mnana akaruka mpaka kwa Kobe, akamwambia, "Dada, umeshinda." Akamwambia kesi hii itasimuliwa kwa wajukuu.

Kobe akasema, "Asante."

Wakaenda mpaka kando ya mwinuko, watu wote nyuma. Muhanga akakunja mgongo akachimba. Ardhi ile ile iliyokuwa ngumu, kucha zile zile zilizokuwa zinauma. Kivuli cha kichuguu kilicho jirani kilikuwa hakijasogea hata hatua moja, shimo likawa karibu tayari. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa fupi hivyo.

Alipofika chini akatoa kichwa, akauliza kuhusu nafasi. Vipimo alikuwa amevisahau.

"Walale wangapi?"

"Watatu," Kobe akasema.

 Ndipo watu walipotazama nyuma yake na kuona kwamba hakuna aliyekuwa akimfuata.

Kobe alikwenda mpaka kwenye kishimo chake akarudi na wa kwanza mdomoni. Akaenda tena akarudi na wa pili. Akaenda tena akarudi na wa tatu. Mwendo wake mnaujua. Hakuna aliyethubutu kuondoka na hakuna aliyemsaidia. Aliwalaza kando ya ukuta, walipopagombania. Kisha akageuka, akawafukia kwa miguu yake ya nyuma, taratibu, mpaka udongo ukalingana na ardhi.

Muhanga akasema, "Basi, mama, sasa hatudaiani."

 Kobe akaondoka, na hakugeuza shingo.

Tangu siku hiyo kobe haombi mtu amchimbie. Akitaka kutaga, huchimba mwenyewe kwa miguu ya nyuma, huweka mayai yake, huyafukia, kisha huenda zake wala hatazami nyuma. Wajinga husema kobe hana huruma, hajui wanawe. Nyinyi mmesikia, msiseme hivyo.

Funzo lake ni hili. Ukipewa ahadi, usifungue mafundo yote, hata kama ndivyo ulivyofundishwa. Bakiza moja la ushahidi. Nawe ukipewa kiti cha kuamua, kumbuka kwamba siku unazomwambia mwenzako asubiri, hazitoki mfukoni mwako. Wakubwa huongeza jingine, kwamba usipeleke kesi ya moto kwa anayeshiba moto ukiwaka. Lakini hawasemi upeleke kwa nani.

Neno limefika, mdomo wangu umebaki mtupu. Anayetaka ngano yenye mwisho mtamu akaombe kwa nyuki, ingawa nasikia siku hizi naye ana kesi.